Maji Ndani ya Kompyuta ya Shemeji

Mume wa dada yangu ni mtu wa kupima. Kazini, kwenye ghala la dawa, huhesabu maboksi mara tatu; nyumbani aliwahi kupima mlango kwa futi kabla ya kununua mto wa kulalia. Mimi ni fundi bomba, mwaka wa ishirini na mbili huu, na hoteli nzima nimeifumua na kuirudishia mabomba kwa wiki mbili. Kwa hiyo niliposikia shemeji ametumia miezi saba kupanga bomba lisilozidi urefu wa mkono wangu, nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Bomba lenyewe lilikuwa la kupoza kompyuta. Shemeji anapenda mchezo wa mbio za magari, na kila akicheza mashine inapata joto na feni zinapiga kelele. Akaamua kupitisha maji: pampu ndogo, tangi la plastiki angavu, vipande vya mpira, na rejeta nyembamba ya kutoa joto. Kazi ya asubuhi moja. Yeye akanunua daftari. Akachora njia ya maji, akaifuta, akaichora upya upande wa pili. Wiki nzima iliisha akiwaza maji yaanze kupita wapi. Mtu mzima huyo, mwenye ndevu! Nikambatiza jina la Bwana Daftari.

Dada hakucheka. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo anayochorea ramani za majengo, ndiyo kazi yake, na ramani ya zahanati ilitakiwa Alhamisi. "Kaka, njoo usimamie," aliniambia kwenye simu. "Maji yakiharibu ile mashine, nimekwisha."

Jumamosi asubuhi nikafika na mkoba wangu wa vyuma. Nikamkuta Bwana Daftari amepiga magoti sakafuni, anakaza viungo kwa ncha za vidole kama anayemfunga mtoto mchanga vifungo.

"Shemeji, huko ndiko kukaza?"

"Ndani kuna ringi ya mpira, shemeji. Ndiyo inayozuia maji. Haitaki nguvu."

Haitaki nguvu! Nimeshachota maji kwenye sebule ngapi za watu waliokaza kwa adabu namna hiyo? Alipokwenda jikoni kuchukua maji aliyoyaandaa, nikatoa spana, nikaongeza robo mzunguko kila kiungo. Cha kwenye tangi nikakipa nusu, kwa ajili ya dada yangu.

Aliporudi akajaza maji, akatandika karatasi za tishu chini ya kila kiungo, akahakikisha kompyuta haina umeme, kisha akawasha pampu peke yake. Maji yakazunguka. Akavuta stuli akakaa.

"Sasa tunasubiri mpaka kesho saa hizi."

"Mpaka kesho? Washa, dada afanye kazi! Viungo nimeviangalia mwenyewe." Nikanyoosha mkono kwenye waya wa kompyuta.

Akanishika mkono. Katika miaka tisa ya ndoa yake, shemeji hajawahi kunikatalia kitu. "Hapana, shemeji," akasema. Dada akatutazama sote wawili, halafu akaenda kusimama upande wa mumewe. Iliniuma, sifichi. Nikakaa, nikaanza kuwasimulia jinsi waoga wanavyozeeka vibaya.

Sikumaliza. Karatasi ya chini ya tangi ilikuwa imelowa, na tone jingine lilikuwa linateremka kwenye ubao wa ndani unaobeba vipande vyote vya mashine. Dada akaziba mdomo kwa kiganja. Shemeji akazima pampu, akafuta taratibu, akamwambia mkewe asiogope: umeme haukuwepo, itakauka, Alhamisi ataiwahi. Kisha akalifungua tangi akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kando yake, kwenye kiungo, alama za meno ya spana yangu.

Nilimsubiri anitukane. Ningejua la kumjibu. Badala yake akavuta droo, akatoa tangi jingine, jipya, bado limo ndani ya boksi lake.

"Ulijuaje utahitaji la pili?" dada akauliza.

Shemeji akajikuna shingo, akamsogezea daftari. Nikasoma nikiwa nyuma ya bega la dada. Ukurasa ulikuwa wa miezi mitano nyuma, kwa herufi zake ndogo za ghalani: "Tangi, nunua mawili. Shemeji atakuja na spana."