Inchi Mbili na Nusu za Kupumua

Mama mmoja alishona makoti miaka arobaini, na hapakuwa na nguo iliyorudi kwa sababu ya futi yake ya kupimia. Hilo alilisema mwenyewe, tena bila kuulizwa.

Mumewe alipostaafu aliagiza upinde wa kapi, ule wenye magurudumu mawili madogo nchani, akawinde na mdogo wake. Muuzaji alikuwa mji wa mbali. Akasema kwenye simu: mzee anyooshe mikono kama anayezuia mlango, apimwe toka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, inchi zigawanywe kwa mbili na nusu. Hapo unapata urefu wa kuvuta.

Mama akapima, akaandika kwenye daftari lake, akamsomea muuzaji: sabini na mbili na nusu. Ukaja upinde wa inchi ishirini na tisa.

Ulimkataa mzee tangu siku ya kwanza. Akivuta mpaka mwisho, kiwiko kinapitiliza nyuma, mabega yanatetemeka. Akiachia, upote, ile kamba ya upinde, unamchapa mkono mpaka unavilia damu. Akasingizia mishale. Ya gramu ishirini na tatu ilikwenda mbio, ikagusa gunia la mazoezi na kuning'inia. Ya gramu ishirini na tisa ilizama vizuri, ila chini ya alama, tena kila mmoja na njia yake.

"Mwepesi huutaki, mzito huutaki," shemeji, yule mdogo wake mzee, akamtania. "Kaka, au tukuchongee wa mbao za kitanda?"

Mzee hakucheka. "Mishale haina kosa. Mimi ndiye niliyekwisha. Hebu vuta wewe."

Shemeji, mrefu kama mlingoti, akavuta. Mishale mitatu ikakaa pamoja, unaifunika kwa kiganja.

"Umeona?" mzee akasema. "Chukua. Nenda nao msimu huu, mimi nitalinda nyumba."

Asubuhi shemeji alipoondoka na upinde, mama akafungua daftari amkatie mumewe shati, angalau apate kitu kipya. Kwenye ukurasa wa mzee aliona namba mbili kwa mwandiko wake: 70, na chini yake 72½. Alikuwa ameongeza nafasi ya kupumua, kama anavyoongeza kwenye koti, mkono ukifanya wenyewe. Mzee alikuwa wa upinde wa inchi ishirini na nane.

Alikaa na hilo mpaka chai ikapoa. Kisha akatoka barazani, futi shingoni.

"Baba, kosa ni langu. Nilikupima kama koti. Upinde ulikuzidi inchi nzima."

Mzee akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuumiza.

"Mama, acha. Futi yako haijawahi kukosea, umeniambia mwenyewe miaka yote."

"Nakwambia imekosea! Daftari hili hapa. Muuzaji anabadilisha kipande tu kwenye gurudumu, urefu wa kuvuta unapungua. Inuka nikupime."

"Unanibembeleza kama mgonjwa."

"Mimi nimembembeleza nani katika nyumba hii?"

"Ndiyo maana najua nimezeeka."

Akalisukuma daftari pembeni bila kulisoma. Mama akaivuta futi, akaishika kwa mikono miwili mbele yake, akangoja. Mzee alikuwa ameikunja mikono kifuani, na hakuinyoosha.