Sahani ya Santuri Niliyoiosha

Niliacha shule darasa la sita, kwetu Samuye, na tangu hapo sijakaa mahali zaidi ya misimu miwili. Miaka ya tisini, watu walipomiminika Geita kutafuta dhahabu, nami nilikwenda. Nilichimba mashimo mpaka mikono ikaota sugu, kisha nikapata kibarua cha kuchimba mitaro kambini kwa mzungu mmoja, mtafiti wa miamba.

Mzungu huyo alikuwa na mashine ya santuri. Jioni jenereta ikiwashwa, aliweka sahani moja, ileile kila siku. Magitaa mazito yakikwaruza, ngoma kama mtu anavunja mlango, na mwanamume akipiga kelele mpaka sauti inampasuka.

"Mashine ya kusaga mawe imekosa grisi," alisema mwenzangu mmoja, "na wewe umekaa hapo kama uko kanisani."

Mimi nilikuwa nangoja wimbo wa tatu. Katikati yake kelele zote zilikatika, likabaki gitaa moja, na yule mwanamume akanong'ona maneno machache, taratibu, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mgonjwa. Kisha kelele zikarudi. Nilimwuliza mzungu anasema nini pale.

"Hata mimi sisikii vizuri," alijibu. "Nafikiri anamwita mama yake."

Mama yangu alikuwa Samuye. Sikuwa nimemwona tangu niondoke.

Kwa kuwa nilimsumbua kwa maswali, mzungu alinipa kioo chake cha kukuzia mawe nitazame mifereji ya sahani, ile inamopita sindano. Penye kelele ilipindapinda. Penye mnong'ono ilinyooka, ikafanya ukanda mwembamba mweusi kuliko kwingine. Utafiti ulipoisha alinipa sahani ile, lakini mashine aliondoka nayo.

Nikahamia Isaka kupakua magunia kwenye mabehewa na kupakia malori. Zaidi ya mwaka mzima niliihifadhi sahani ndani ya mfuko wa saruji. Wakati wa mapumziko niliitoa, nikaielekeza juani, nikautafuta ule ukanda mweusi. Kuuona niliuona kila siku. Nilichotaka ni kuusikia, hata mara moja tu.

Ndipo nikafika Shinyanga mjini, nikawa nabeba majora ya vitambaa katika duka la mzee mmoja wa Kihindi. Nikasikia kwamba nyuma ya duka ana mashine ya santuri, aliyokuwa akimpigia marehemu mkewe nyimbo za kwao. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nikamweleza shida yangu. Akanitazama mikono.

"Sindano yangu ni ya mwisho, kijana. Ilete safi. Hata punje moja ya vumbi sitaki."

Jumapili nikaiosha. Niliiosha kwa njia niliyoijua, kama mchimbaji anavyoosha mchanga wake: maji ndani ya karai, sabuni ya unga, mkono unazunguka polepole. Karai lilikuwa lilelile nililotoka nalo Geita, na kitambaa cha kusugulia ndicho kilekile nilichofutia sululu. Vumbi jekundu lilikuwa limeng'ang'ania pale kwenye ukanda mweusi, kwa sababu ndipo vidole vyangu vilipozoea kugusa. Basi pale nikasugua kwa nguvu zaidi. Ilipokauka iling'aa, nikafurahi.

Mzee alishusha sindano mwenyewe. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita ukitatarika kama mahindi kwenye kikaango. Alikunja uso lakini hakuzima. Wa tatu ukaanza. Kelele zikakatika, gitaa likalia mara moja, na sindano ikaruka mpaka pale kelele zinaporudi. Akairudisha. Ikaruka tena. Mara ya tatu aliinua sahani, akaielekeza mlangoni kwenye mwanga, akaiona mikwaruzo.

"Umeiosha na nini?"

"Sabuni, mzee. Na karai."

Hakunicheka. Aliifuta sindano kwa kidole, akakaa kwenye jora la kitenge.

"Hapo inaporuka pana nini?"

Maneno sikuyajua, nikamnong'onea sauti ya yule mwimbaji tu, bila maneno. Nilipofika katikati nikakwama. Sikuwa na hakika kama pale sauti ilipanda au ilishuka.

"Anza tena," mzee akasema.

Nikaanza tena. Safari hii nikaishusha.