Mama wa Poloko

Kosa ni langu. Nikimwachia mwenzangu Mantoetse aisimulie habari hii, ataanza na uchawi na kumaliza na uchawi. Mimi ndiye niliyempa Musonda jina, na jina lenyewe nililitoa kwa mwanangu aliyekufa.

Hapa kijijini Ha Makhobalo, kwetu Wasotho, bibi harusi haingii kwa mumewe na jina la kwao. Anachinjiwa kondoo, anafungwa blanketi kwa pini kubwa kifuani, na watu wa upande wa mume wanampa jina jipya: Ma, yaani mama wa, kisha jina la mtoto atakayemzaa. Mimba yenyewe haijatungwa, lakini mama keshaitwa. Mimi nilikuwa Mathato miaka miwili kabla kijana wangu Thato hajaonekana duniani. Ukimwita mke wa mtu kwa jina alilozaliwa nalo, umemwambia mbele za watu kwamba hajaolewa, na kuna watu wamepasuliwa vichwa kwa fimbo kwa sababu ya neno hilo.

Musonda na mumewe Chola walitoka Kasama, huko Zambia, wiki tatu tu baada ya harusi yao. Kanisa lao liliwatuma wajitolee miaka miwili bila mshahara. Chola alikuwa anajengea chemchemi za juu milimani, maji yashuke safi, na Musonda alisaidia kupima watoto zahanati. Wakapewa ile nyumba ya mawe ya vyumba viwili nyuma ya kanisa. Walikuwa wapya mno wale, hata kupishana mlangoni walikuwa bado wanaombana radhi. Jioni ukipita pale unawasikia wakisali, mmoja anaomba, mwingine anasema amina, kisha wanabadilishana. Sauti ya Musonda ndiyo ilikuwa kubwa. Alimwomba Mungu kama mtu anayemwita jirani ng'ambo ya bonde.

Siku moja Mantoetse alimkuta Chola anasonga ugali.

"Ehe! Huyu ameoa au ameolewa?"

"Ameoa, mama," Musonda akamjibu kutoka kitandani, kwa Kisotho chake cha kuokoteza. "Mimi ndiye nimepumzika."

Tulicheka wiki nzima. Tukampenda.

Lakini hakuwa na jina. Wakwe zake walikuwa mbali, na sisi akina mama wa sala ya Alhamisi tuliona aibu, mke wa mtu anazunguka kijijini bila jina kama mbuzi aliyepotea. Tukachanga, tukanunua kondoo, tukakaa kutafuta jina. Huyu akasema hili, yule lile. Mimi nilikuwa mwenyekiti wao. Nikasema, "Poloko. Maana yake wokovu. Watu wamekuja kwa kazi ya Mungu, mnataka jina gani tena?"

Wakapiga vigelegele. Mantoetse peke yake hakupiga. Yeye ndiye aliyenisaidia kumwosha Poloko wangu, miaka kumi na tisa iliyopita. Binti wa miezi minne. Wengine wale ama walikuwa hawajaolewa huku bado, ama walikuwa wamesahau.

Jina la marehemu kwetu hufufuliwa, sikatai. Lakini hufufuliwa na ukoo wake, na awe mtu aliyekula chumvi nyingi akaacha watoto. Jina la mtoto mchanga aliyekufa haligawiwi. Hilo analijua kila mtu, nami nililijua. Sikupata binti mwingine, basi. Nilitaka kulisikia jina lile likiitwa bombani asubuhi, na watu wakicheka.

Musonda alipoambiwa, alikunja uso kidogo. "Kwetu mtoto hatajwi kabla kitovu hakijaanguka. Ukimtaja, anasikia nani?"

"Anasikia Mungu," nikamjibu. Mimi jibu halijawahi kunikosa.

"Haya, mama," akasema, akacheka.

Ikawa Mapoloko hapa, Mapoloko pale. Akichelewa bombani wanamtania. "Leo Poloko amekunyima usingizi?" Naye anajibu, "Amenyonya mpaka asubuhi, tazameni nilivyokonda!" Na huku ana mashavu kama mikate.

Mwezi wa sita akanijia jikoni, akafunga mlango, akaniambia kwamba sasa ni kweli. Akaniomba nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu ila Mantoetse, kwa sababu yeye alishaona.

Mwezi wa nane theluji ikafunga njia. Chola alikuwa juu kwenye makambi ya wachunga ng'ombe, siku ya nane hajarudi, na farasi hawezi kushuka. Asubuhi ya Jumanne Musonda akamtuma jirani aniite. Nilipofika yalikuwa yamekwisha. Mimba ilikuwa ya miezi minne.

Wanaokuja kabla ya wakati huzikwa na wanawake. Mwanaume haambiwi mahali, mchungaji haitwi, na alama haiwekwi. Wanawekwa upande wa nyuma ya nyumba, penye kivuli ambapo jua halifiki. Nilichimba na Mantoetse. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Tulichemsha birika mara tatu tukamwaga maji ya moto ndipo jembe likaingia. Tulimfunga katika kitambaa cha kichwa cha mama yake, kile cha njano. Musonda alisimama dirishani, akatazama.

Mantoetse alikuwa akisawazisha udongo kwa mguu. Akasema bila kuinua macho, "Miezi minne, Mathato."

Nikaokota birika nikaingia ndani.

Mwezi mzima tulimficha ndani kama desturi inavyotaka, na watu tukawaambia ni mafua. Kisha akatoka. Nani alijua? Watatu tu, na Chola. Hayo hayatangazwi. Basi siku ya kwanza bombani wakampokea kwa furaha yao ileile. "Mapoloko! Umepona? Poloko amelala?"

Akasimama na ndoo yake. "Amelala," akasema.

Na kila siku wakamwuliza, na kila siku akasema amelala. Ningeweza kuwanyamazisha kwa neno moja. Nilikuwa natazama maji.

Akaanza kugeuka. Zahanati, mchana kweupe, ananing'iniza mtoto wa watu kwenye mizani, muuguzi anamwita, "Mapoloko, kilo ngapi?" Yeye anajibu kilo, halafu anageuka kutazama nyuma, pale ukutani ambapo hapana mtu. Mara ya kwanza nilidhani ni kizunguzungu. Nikampelekea uji wa mtama.

"Mama Mathato," akaniambia, kijiko mkononi, "kule nyuma ya nyumba kuna nani?"

"Kuna upepo."

"Upepo hauitiki."

"Nani aliuita mpaka uitike?"

"Naitwa mimi. Wakisema Mapoloko, naitika. Halafu anaitika mwingine, nyuma yangu, amechelewa kidogo tu." Akaweka kijiko. "Simwogopi. Ila si wangu. Wangu hakuwa na sauti bado. Wangu hata simsikii, kwa sababu ya huyu."

Nilichukua bakuli langu nikaondoka kabla hajamaliza uji. Njiani nilijiambia ni ukiwa tu, msichana yuko mbali na mama yake. Nilijiambia mengi.

Jumatano moja ya mwezi wa kumi Chola akaja kwangu, kofia mkononi. Kijana mrefu yule, alikaa kwenye kigoda magoti yakafika kidevuni.

"Mama, Musonda ameweka nafasi kwenye basi la Jumamosi. Anarudi kwao."

"Kwa muda gani?"

"Akienda harudi. Namjua. Hasali tena, mama. Naomba peke yangu, nikifika amina nasubiri, kimya. Anasema hawezi kumwita Mungu kwenye nyumba ile, kwa sababu akifungua mdomo hajui ataitikiwa na nani."

"Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia Mungu atatupa mwingine."

"Umemwambia hivyo! Mwanangu, wewe rudi kwenye chemchemi zako. Naye akasemaje?"

"Akaniuliza, mwingine baada ya nani?" Akaigeuza kofia. "Mama, mlimweka wapi?"

"Hilo mwanaume haambiwi."

"Mimi ni baba yake."

"Ndiyo. Na haambiwi."

Akainuka akaenda. Hakuaga, na mimi ni mkubwa kwake kwa miaka ishirini. Sikumlaumu.

Mantoetse alikuwa nje, anasikiliza, maana ndiyo kazi yake. Akaingia bila hodi.

"Utasema wewe au niseme mimi?"

"Niseme nini?"

"Usinifanye mjinga. Mikono iliyomwosha ni hii hapa. Mtoto wako umempeleka akalelewe kwa mgeni, na mgeni ana wake wa kumlilia. Msichana anakwenda zake, na anamwacha Mungu wake hapa. Na ndoa ile itakwisha."

"Nikisema watanivua kola ya akina mama wa sala."

"Watakuvua. Shingo itabaki."

Alhamisi tukakutana saa nane mchana kanisani, blauzi nyeupe, kola zimepigwa pasi. Musonda alikuja kuaga. Alikaa karibu na mlango, na blanketi lake limefungwa tayari kama mtu wa safari. Mke wa mchungaji alipouliza nani ana neno, nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya Maandiko. Yote yakaniacha.

"Poloko alikuwa wangu," nikasema. "Alikufa. Jina la maiti ndilo nililompa huyu mtoto wa watu, na mimba yake imetoka akiwa analibeba."

Hapo ndipo wale wa bombani walipojua. Nikawaona mmoja mmoja wakikumbuka walichokuwa wakimwuliza. Mmoja akaweka kiganja mdomoni, hakukitoa tena.

"Ulijua?" mke wa mchungaji akauliza.

"Nilijua."

"Ukaimba, ukapiga vigelegele?"

"Nilipiga zaidi yenu."

Musonda akainuka, akapita katikati ya mabenchi polepole, akasimama mbele yangu. Nilidhani atanizaba kofi, na nilikuwa nimelitayarishia shavu.

"Alikuwa na umri gani?" akauliza.

"Miezi minne."

"Alikuwa na nywele?"

"Nyingi. Mpaka shingoni."

"Na huku," akagusa nyuma ya sikio lake la kushoto, "hakuwa na kitu?"

Alikuwa na alama, nyeusi, kama punje ya maharage. Mume wangu hakuwahi kuiona, Mungu amrehemu. Mantoetse aliiona. Nikamgeukia Mantoetse. Akatikisa kichwa. Si yeye aliyemwambia.

"Basi ndiye," Musonda akasema. Alisema kama mtu aliyepata mwenye mzigo uliosahauliwa kwake. "Mchukue, mama. Nimemkalia vya kutosha. Mwite."

"Hapa?"

"Hapa hapa. Mimi nikimwita anakuja kwangu."

Miaka kumi na tisa nilikuwa sijalitamka jina lile kwa kumwita. Nilikuwa nimelitaja, nimeligawa, nimelisikia. Kuita ni kitu kingine. Mke wa mchungaji alitazama dirishani, kwa sababu kitu kile si cha kanisani, na hakunikataza. Nikaita. "Poloko. Njoo twende nyumbani." Sauti yangu ilitoka ndogo, nikarudia.

Sitasema kilichotokea, maana hakuna aliyeona kitu. Lakini Musonda alivuta pumzi ndefu na mabega yake yakashuka, kama mwanamke anapofunguliwa mbeleko.

Wanawake wakaanza kuhangaika. Msichana amebaki bila jina! Mmoja akasema tumpe lingine sasa hivi, kondoo atatafutwa. Mwingine akasema tumpe jina baya, mama wa mkia wa mbwa, ili kifo kimdharau, kama wazee walivyofanya.

"Hapana," Musonda akasema. "Ngojeni kwanza. Nina mtu wangu."

Akapiga magoti pale pale kwenye simenti. Tangu mwezi wa nane hakuwa amesali. Alisali kwa lugha ya kwao, sentensi moja tu, kwa ile sauti yake ya kuvusha bonde, na ndani yake kulikuwa na jina. Lilikuwa fupi. Aliliita mara moja, akanyamaza akasikiliza. Kisha akasema amina mwenyewe, na hakugeuka nyuma.

Hakuna aliyemwuliza maana yake. Mimi nililishika, lakini si langu kulisema.

Nilivuliwa kola siku ileile na kuwekwa benchi la nyuma. Wakati wanaivua, niliona Musonda kule mlangoni anafungua pini ya blanketi lake la safari.

Jumamosi basi likafika njia panda saa nne. Nilikuwa pale nimepeleka mboga za kuuza. Dereva alitoa kichwa dirishani na karatasi yake ya majina, akasoma watatu wakapanda. Kisha akapaza sauti, "Mapoloko! Mapoloko yuko wapi? Kuna kiti cha Mapoloko hapa!"

Watu wakatazamana. Na kabla sijajua ninachofanya, nikasikia mdomo wangu unasema, "Abee."

"Unapanda, mama?"

"Sipandi," nikamwambia. "Nina mtoto nyumbani."