Bekiye mpya na chupa ya mafuta

Naandika haya nimejifungia chumbani, na kutoka siwezi.

Mimi ni mwalimu hapa Kamina. Asubuhi nilinunua bekiye ya nyuma, kile chuma cha kuinulia gurudumu la pikipiki. Fundi alinionyesha mbili, nikachagua ile pana isiyoyumba, nikajiona injinia. Mama mkwe wangu alitarajiwa kesho, na kwetu Baluba mwanaume humkwepa mama mkwe. Hata kula mbele yake hathubutu. Basi nilitaka kuitia cheni ya pikipiki yangu mafuta leo, kesho nitoroke mapema.

Nilivua suruali nisiichafue, nikajifunga kitenge cha mke wangu, nikainua gurudumu. Kulizungusha kwa mkono kulinichosha. Nikawasha injini na kutia gia, cheni ijizungushe yenyewe. Akili gani hiyo!

Nikasikia nyayo nyuma yangu.

“Leta mafuta, mbio!” nikamwamuru mke wangu bila kugeuka. Mkono ukanipa chupa, nikamimina bila hata kuitazama. “Sasa simama pale, uone vile mwanaume anatumika kazi!”

Nikafurahi kwamba leo ananiheshimu, nikainama zaidi. Cheni ikadaka ncha ya kitenge, ikakivuta chote. Nikageuka na chupi tu, nikipiga kelele.

Mungu wangu! Alikuwa mama mkwe, katoka Kabondo-Dianda, mzigo ungali kichwani. Akafunika macho kwa kiganja, akasema polepole kwa heshima:

“Tata, miye sikuona kitu. Lakini ile mafuta ya mawese nilikuleteaka ya kula.”