Mbuzi ya Mama Katika Chumba cha Wanyama

Huyu ni Moinaecha binti Hamada bin Boinali. Babu yetu Boinali alichonga milango Mahajanga. Mama yetu Mariamou alipika wali wa nazi maulidi thelathini, na hata ukoko haukubaki. Yeye mwenyewe, dada yangu, ameoza mabinti watano kwa mkate aliouza Ambanoro, kule Nosy Be, tulikohamia mwaka 1977 baada ya fujo za Mahajanga walipouawa watu wetu, nyumba na vyombo tukaviacha.

Mwaka 1996 tulirudi Mahajanga harusini, tukapelekwa kutazama jumba la makumbusho. Mlangoni palisimama mifupa ya mjusi wa kale, mrefu kuliko nyumba. Moinaecha akamwamkia, "Kwezi!" kama tunavyowaamkia wakubwa.

Katika chumba cha wanyama, kati ya popo na kanga waliokaushwa, tukaona mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma. Kibao chake cha Kifaransa nikamsomea dada: "Mbuzi. Mnyama afugwaye. Sanamu ya kuchongwa."

Dada akashika tumbo kwa kicheko, akanigeukia. "Sitti wee! Wameambiwa jina lake mbuzi, wakaipeleka zizini!"

Kisha akainama. Jino la tatu la ulimi ule halikuwepo.

"Ya mama hii. Haitalala na popo."

Mtunzaji, Bwana Hassane, akamjibu kwa Kimalagasi, "Bibi, hizi ziko kila jiko. Bila ushahidi sibadilishi kibao."

Moinaecha akanitazama, akatazama dari. Jino lile lilivunjika mwaka 1949, nikachapwa mimi. Miaka arobaini na saba nimeapa si mimi!

"Nililivunja mimi," akasema, hata mjusi akasikia. "Nilikuwa nafungua kopo la maziwa. Kijino nikakisukumiza kwenye ufa, chini ya kiti. Pindua."

Hassane akapindua, akachokoa kwa kalamu. Kijino kikadondoka, ti!

"Mwongo mkubwa wee!" nikampiga bega.

"Nisamehe, mdogo wangu, nilikuwa na miaka tisa!"

Tukacheka mpaka tukaketi sakafuni. Hassane naye alifuta machozi, akaihamishia mbuzi chumba cha vyombo, akaleta karatasi ya kibao kipya. Dada hakusoma, akanisukumia.

"Wewe ndiye mwenye darasa sita. Andika ni mbuzi ya kukunia nazi, ya Mariamou. Na kila ukija Mahajanga upite hapa, wasije wakairudisha kwa wanyama."

"Na jino?"

"Andika nililivunja mimi. Kwa herufi kubwa, basi, ufurahi."