Gari Lililonichongea kwa Mama

Nianze na aibu yenyewe: niliwahi kumlipa mtu pesa nzuri ili aniondolee kitu kizuri kwenye gari na kuniwekea kelele. Hicho kitu ni lile boksi jeusi la plastiki linalokaa chini ya boneti na kubeba eyaklina, yaani kichungi cha hewa inayoingia kwenye injini. Mahali pake nikafungiwa kichungi kilicho wazi, chekundu, chenye umbo la koni, juu ya bomba linalong'aa kama sufuria ya harusi. Video za kwenye simu zilikuwa zimeniaminisha kwamba injini ikipumua vizuri inapata nguvu, na kwamba hata kwenye joto kali itapanda mlima bila kulalamika. Gari langu lilikuwa likilalamika kila niliposhuka nalo kwenda Kisumu, basi nikaona dawa ndiyo hiyo.

Mzee wa Kihindi mwenye duka la spea mjini Kisii, ambaye ukoo wao ulikuwa ukiuza spea pale kabla mimi sijazaliwa, alikuwa amekataa kuniuzia koni hiyo. Alinieleza kwamba boksi la kiwandani lina mdomo mrefu unaokwenda mbele kabisa, karibu na taa, kuvuta hewa ya baridi. Nikilitoa, injini itakuwa inavuta joto lake yenyewe. Halafu akaniuliza, huku akipanga plagi zake bila hata kunitazama:

"Kwani gari yako iko na pumu?"

Nilitoka nimenuna. Nimeona wenye maduka wa kila aina, lakini wa kukataa pesa nilikuwa sijamwona, nikaamua ana dharau tu. Fundi wa Keumbu hakuwa na maswali kama hayo. Alifungua boneti, akang'oa boksi, akafunga koni, na boksi akabaki nalo.

Tulilijaribu saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala kwenye migomba, mimi na fundi tumevaa masweta. Hapo ndipo upungufu wetu sisi watu wa milimani unapojitokeza. Joto tunalisikia redioni. Jua likituwakia siku tatu mfululizo watu wanaanza kuuliza kama Bwana amekaribia kurudi. Gari lilipanda mlima likinguruma, fundi akaipiga dashibodi kofi la furaha, nami nikapiga upande wangu. Wote wawili tulisahau kwamba shida ilikuwa joto, na kwamba pale penyewe tulikuwa tukitetemeka kwa baridi.

Haraka yangu yote ilitokana na mama. Mama ni mjane, shemasi wa kanisa la Wasabato kule kwetu Ekerenyo, na alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho Kisumu. Alikuwa ameikataa ile tarehe, kwa sababu angeruhusiwa kutoka siku ya Ijumaa, na tangu aolewe Sabato haijawahi kumkuta barabarani. Ijumaa jua likizama yeye yuko nyumbani, amekoga, chakula cha kesho kimepikwa, kitabu cha nyimbo kiko mapajani. Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimwahidi tutafika kabla jua halijazama. Nikamhubiria kama mhubiri wa makambi, jinsi hewa ya moto inavyokuwa nyepesi na kuidhoofisha injini, na jinsi koni yangu ilivyoyamaliza hayo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, ananiamini.

Ijumaa hiyo hospitali walituachilia karibu saa kumi. Jicho moja la mama lilikuwa limefungwa pamba, la pili lina ukungu wake wa siku zote, na daktari alikuwa amemwagiza ayafumbe yote njiani. Akajifunika leso usoni, akaegemea kiti, akaniachia kazi.

Tulipofika Ahero lami ilikuwa inakaangika. Tukakwama kwenye msongamano, na huko chini ya boneti koni yangu ikawa inavuta pumzi ya injini yenyewe, sawa na mtu aliyejifunika blanketi gubigubi akalala na jiko. Tulipochomoka, nguvu hamna. Nikikanyaga mafuta kelele inaongezeka, mwendo uko pale pale. Mara mbili nilisimama kando na kufungua boneti ipoe. Barabara ilipoanza kupanda tukapitwa na bodaboda iliyobeba kitanda, godoro, na mwenye godoro. Nilimlaani fundi kimoyomoyo. Kisha, kwa haki, nikajilaani na mimi.

Tulikuwa tumeiacha Sondu nyuma nilipoliona jua likiingia nyuma ya vilima. Nililitazama mpaka likaisha.

"Jua limezama?" mama akauliza chini ya leso yake.

"Bado, Mama."

Jibu lilinitoka kabla sijalifikiria. Baada ya mwendo akauliza tena, nikamjibu vile vile. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na milima pia.

Sasa tukawa tunapanda kuelekea Ikonge, giza linaingia, na ubaridi wa kwetu unapenya dirishani. Ghafla gari likapata pumzi. Likaushika mlima kama ile asubuhi ya Keumbu, nami mjinga nikafurahi. Mama akainua kichwa, akasema naona gari limepata nguvu. Nikamwambia ndiyo, koni sasa imeanza kazi.

"Wewe mwenyewe uliniambia hewa ya moto ndiyo inalimaliza," akasema. "Sasa hewa imepozwa na nini, kama jua bado lipo?"

Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka.

"Omwana one," akasema, yaani mwanangu, kwa upole ulioniumiza kuliko kofi, "kumrudisha mgonjwa nyumbani si dhambi. Ungeniambia limezama tungesimama, tuimbe wimbo mmoja, tuendelee. Sasa Sabato yangu umeipokea wewe, tena kwa uongo."

Akaniamuru nisimame. Tukaimba kando ya barabara, yeye na leso yake usoni, mimi nikikosea maneno kwa sababu nilikuwa nalia. Kisha tukaenda nyumbani, na gari likapanda vizuri njia nzima. Nililichukia.

Jumatatu nilirudi Keumbu kudai boksi langu. Fundi alikuwa amelipeleka kwake, na nikakuta kuku ametaga mayai matatu ndani. Nikasubiri ayaondoe. Nililiosha, nikaenda Kisii kununua eyaklina ya kawaida, na yule mzee wa spea akaniuzia bila kuniuliza hali ya pumu.

Mama sasa anaona vizuri, mpaka kisamvu cha jirani anakihesabu majani. Hata hivyo kila Ijumaa jioni ananipigia simu kuniuliza kama jua limezama. Natoka nje kwanza, naangalia, ndipo namjibu.