Upepo wa Juu Haujageuka

Kisasi hakiozi, jamani. Mpima upepo wa kituo kile, mwanamke waliyembandika jina la Mama Puto, alikitunza chake miaka mitatu, na kila asubuhi alikisugua pamoja na meno yake.

Kisa chenyewe hiki. Msimu ule alimwambia mkuu wa kituo kwamba mvua iliyonyesha ilikuwa danganya toto. Mkuu akatangaza redioni kwamba msimu umeanza, watu wakapanda, jua likachoma kila kitu. Kisha mkuu akaandikia makao makuu kwamba mpimaji ndiye aliyesoma vibaya. Mama Puto akanyang'anywa darubini, akapewa fyekeo. Miaka miwili mizima alifyeka nyasi za uwanja wa vipimo, mkuu akipita na kikombe cha chai, akimkumbusha asiache visiki.

Wakamrudishia darubini kwa kuwa hakuna mwingine aliyeiweza. Kila asubuhi aliachia puto la gesi, akalifuata kwa jicho moja, akiandika pembe zake kila dakika mpaka lipotee. Mkuu hakuwa na subira hiyo. Yeye alitazama bendera ya paani, basi.

Wiki ile bendera iligeuka. Bara lilikuwa limepata moto, hewa yake ikapanda, na upepo wa baharini ukaingia kuziba nafasi, umebeba unyevu. Ikanyesha siku mbili bila kukata. Mkuu akasugua viganja. Lakini puto lilielekea bara kwa dakika chache tu, kisha likakata kona likarudi upande wa bahari. Kule juu upepo mkavu wa bara ulikuwa bado umekaa kama kifuniko cha sufuria. Mpaka upepo wa baharini unenepe na kuusukuma ule, mvua ni ya kuonja tu.

Mama Puto alicheka peke yake. Safari hii hakufungua mdomo. Alijaza fomu nakala tatu, namba zote kamili, na chini akaandika kwa herufi kubwa kwamba upepo wa juu haujageuka, msimu bado. Mkuu akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake, akaenda redioni. Nakala moja ikaondoka na gari la makao makuu. Mwache akalie kuti kavu, alijisemea.

Jioni simu ikaita. Alikuwa dada yake mkubwa, mjane aliyemlea tangu mama yao afe, mwenye gunia moja la mbegu na hana la pili. Redio alikuwa ameisikia, lakini alitaka neno la mdogo wake: apande, asipande? Mama Puto akapiga hesabu. Akimkataza, dada atawaambia majirani, majirani watapiga simu redioni, mkuu atashtuka na kuifuta kauli yake. Na kufyeka kote kule kutakuwa bure.

"Mkuu si ametangaza, dada," akasema. "Nani mimi nimbishie?"

Siku ya nne mvua ikakata. Siku ya kumi na mbili wakaja wakubwa wa makao makuu na ile fomu. Mkuu akaanza wimbo wake wa zamani, kwamba mpimaji alisoma vibaya, nao wakamwonyesha sahihi yake. Alitoka na kiboksi chake kwapani. Mama Puto alimsubiri mlangoni makusudi, akamwambia kwa adabu kwamba bado kuna visiki. Asikudanganye mtu, kisasi ni kitamu. Siku hiyo aliinywa chai yote ya ofisi kwa sukari mbili mbili.

Mwisho wa wiki alikwenda kwa dada. Alimkuta amepiga magoti shambani akifukua mbegu zilizochipua kidogo zikafa. Hakulia wala hakugomba. Alimuuliza tu mdogo wake aliona nini kwenye darubini asubuhi ya siku ile ya simu. Mama Puto hakuweza kumdanganya mara ya pili, akamweleza yote.

Dada alikung'uta vumbi magotini, akainuka taratibu.

"Mimi sikumuuliza mkuu," akasema. "Nilikuuliza wewe."